Manjano Isiyoonekana kwa Koroboi

Nilitoka Morogoro kwa sababu ya swali la mtu mwingine. Daktari mmoja Mzungu, aliyekuwa akichunguza ugonjwa wa manjano kwa watoto wachanga, aliuona mara kwa mara kwa watoto waliozaliwa hospitalini, lakini kila alipouliza vijijini katika bonde la Kilombero aliambiwa huko haupo. Alitaka kujua wenzetu wa huko wana dawa gani. Kwa kuwa mwanamume haingii chumba cha mzazi, akaomba mkunga wa kufuatana naye. Wakunga wenzangu wakakumbuka ghafla kwamba wana wakwe wagonjwa. Mimi sikuwa na mkwe, nikafunga mizigo.

Kutoka Mikumi hadi Kidatu njia ilikuwa mashimo matupu. Dereva wetu, Saidi, mtu wa kulalamika tangu kuzaliwa kwake, alisema aliyeichonga barabara ile alikuwa na ugomvi na magari. Daktari hakucheka, alikuwa ameshika sanduku la chupa zake mapajani.

Ifakara tuliikuta kwenye mavuno. Mpunga ulianikwa kwenye majamvi mpaka mtaa wa Mlabani, na wenye baiskeli walipita pembeni kwa adabu zaidi kuliko wanavyompisha mtu. Nilifikia kwa muuguzi wa hospitali, mama mnene mwenye maneno machache.

"Huku mtoto hatolewi nje mpaka kitovu kidondoke," aliniambia akipakua wali. "Jua lisimwone. Wewe ndiye utakayeingia kwake, usitegemee atoke."

"Na nyumba zina madirisha?"

"Utaona mwenyewe."

Asubuhi tulivuka mto kwa pantoni, tukashika njia ya Malinyi. Pale maji ya mafuriko yalipokuwa bado hayajapungua, Saidi alibaki na gari, sisi tukaingia mtumbwini.

Katika kijiji cha kwanza niliingia nyumba baada ya nyumba. Kila mzazi alilala chumba cha ndani, giza tupu, na bibi wa nyumba alinishikia koroboi nimwangalie mtoto. Manjano sikuiona. Nilitoka, nikamwambia daktari, naye akaitikia kwa kichwa kwa furaha. Mimi sikufurahi. Kuna kitu kilinikera na sikukijua jina.

Mchana tulifika kwa Kasiani, mkulima na mvuvi, ambaye mkewe, Felista, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume siku chache nyuma. Mlangoni alikaa binti yao wa kwanza, Ana, akipepeta mchele kwenye ungo mdogo. Nilimsalimu mara mbili, hakuinua uso.

"Hasikii," alisema mama yake Kasiani, bibi mrefu aliyeshika nyumba ile yote mkononi. "Shauri ya mama yake. Alikula kambale akiwa na mimba yake, na tulimkataza."

Aliyasema kwa sauti ya kufika ndani. Nilimwambia shikamoo, nikapita.

Mtoto alikuwa amelala. Nilimchezea unyayo, hakushtuka. Nilimweka kwenye ziwa, akanyonya kidogo, akaacha.

"Mpole sana huyu," alisema bibi akisogeza koroboi. "Halii kabisa."

Nilimtazama mtoto, kisha nikautazama mkono wangu mwenyewe kwenye mwanga ule. Ulikuwa wa manjano. Hata ukuta ulikuwa wa manjano. Hapo nikajua kilichonikera tangu asubuhi: kwa koroboi sote tuna ugonjwa huo, na kwa hiyo hakuna anayeonekana kuwa nao.

"Bibi, naomba mtoto atoke mlangoni kidogo tu."

"Hatoki."

"Nitamfunika."

"Mwanangu, nimekukaribisha vizuri. Hatoki."

Daktari, aliyekuwa barazani, alisema kwa Kiswahili chake cha kukwaruza kwamba kama manjano imezidi itaingia kichwani. Mtoto anaweza kufa, au akapona na kupoteza usikivu. Kasiani alimsikiliza mpaka mwisho. Akamgeukia mama yake.

"Mama, umesema hatoki, hatatoka. Lakini paa nimeezeka mimi."

Akapanda. Tulisikia nyasi zikinyofolewa juu yetu, vumbi likatumwagikia, kisha jua likashuka moja kwa moja kitandani. Felista alimfunua mwanawe. Nilimbonyeza pua kwa kidole gumba. Pale damu ilipokimbia, ngozi ilibaki kama binzari. Weupe wa macho nao haukuwepo.

"Ana naye alikuwa mpole hivi," alisema Felista. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia sauti yake. "Alilala tu, hakutaka ziwa."

Bibi aliinama, akaangalia macho ya mjukuu wake kwa muda mrefu. Kisha akavua kanga yake ya mabegani, akamfunika gubigubi.

"Jua limeshamwona," alisema. "Mpelekeni."

Tukirudi Ifakara, Kasiani naye akiwamo, Felista alimshika mtoto kifuani, na Ana akalala miguuni pake. Saidi aliendesha bila kulalamika.

Hospitalini damu ilipimwa, apatikane wa kumtolea mtoto. Ya Kasiani ilikataa, ya Saidi ikakubali. Daktari alipitisha mpira mwembamba kwenye kile kile kitovu kilichokuwa kikisubiriwa kudondoka, akatoa damu ya mtoto kidogo kidogo na kuingiza ya Saidi. Kingekuwa kimedondoka, aliniambia, tungekosa njia. Felista alimuuliza kuhusu Ana.

"Siwezi kuapa," alijibu. "Inawezekana sana. Lakini kambale hana kosa."

Alipoulizwa kama huyu mdogo atasikia, alisema tungoje.

Siku yetu ya kurudi Morogoro, bibi alifika kutoka kijijini na kikapu. Alikaa kwenye jamvi barazani, akafungua sufuria mbele ya mkwewe. Ulikuwa wali na mchuzi wa kambale.

"Kula, mwanangu. Unanyonyesha."

Felista aliutazama mchuzi ule mpaka nikadhani atausukuma. Akanyofoa mnofu, akautoa miiba, akamlisha Ana kwanza.

Saidi, aliyekuwa amekwisha kuchoka kungoja, akapiga honi. Sote tuligutuka. Mtoto alirusha mikono yake yote miwili, akaangua kilio, na bibi akajifunika uso kwa kanga akalia naye. Morogoro waliponiuliza bonde lile lina dawa gani ya manjano, niliwaambia halina. Lina giza, na watu wake hutoboa paa wakiambiwa sababu. Lakini lililobaki machoni pangu ni Ana, katikati ya honi na vilio vile, akiendelea kutafuna samaki wake taratibu, akingoja tonge jingine kutoka kwa mama yake.