Nilivyomwombea Binti Yangu Msamaha Wodini

Mimi shule sikuimaliza, lakini boti tatu za uvuvi pale ufukweni Katonga ni zangu, na binti yangu Zuhura ni daktari anayesomea ubingwa wa watoto. Juzi akanipigia simu: "Baba, kesho natoka wodi hii." Nikajua kafukuzwa. Kwangu mvuvi nikimtoa kwenye boti, ndiyo kwaheri.

Sikuuliza zaidi; mtu wa aina yangu haulizi, anatenda. Asubuhi nikavaa kanzu ya Idi, nikabeba samaki, migebuka minono ya ziwani, nikaingia wodini. Bosi wake, mama mtu mzima, alikuwa amezungukwa na madaktari, Zuhura akiwemo.

"Shikamoo mama. Nimekuja kumwombea huyu msamaha. Kama alisinzia zamuni, hata nyumbani ndivyo alivyo. Kama ni mdomo, kaurithi kwangu. Msimfukuze."

"Baba!" Zuhura akafunika uso. "Nani kafukuzwa? Sote tunaosomea tunahamishwa wodi. Leo naenda ya watoto wachanga!"

Yule mama akaitazama migebuka, kisha akanitazama mimi.

"Mzee, kazi yake ilikuwa salama kabisa mpaka ulipoingia. Haya, Dokta Zuhura, tuanzie hapo kwenye kusinzia zamuni."