Mita Kwenye Arobaini

Kisasi hiki nilikilea miezi minne, na sioni aibu kusema kwamba kilininenepesha.

Mimi ni fundi wa laini za umeme. Naishi Nachingwea, na nguzo za huku mpaka vijiji vya Ruangwa nimezikumbatia kuliko nilivyomkumbatia mume wangu. Mbekenyera, mwisho wa laini, kuna kiwanda kidogo cha kubangua korosho. Msimu mashine zikinguruma, umeme wa kijiji ulikuwa unapungua, taa zinafifia. Bosi wangu akaagiza tepu ya transfoma, ile swichi ya kupandisha na kushusha umeme, iwekwe juu kabisa. Sawa. Baadaye mwenye kiwanda akatandaza sola bati zima, ikaunganishwa na laini yetu. Msimu ukaisha, mashine zikalala, jua halikulala. Umeme wa sola ukakosa wa kuutumia, ukawa unamiminika kwenye laini ambayo umeme wake tayari tulikuwa tumeupandisha.

Nikapima mchana, nikakuta volti mia mbili sabini, na friji ya mtu inataka mia mbili thelathini. Nikamwambia bosi, "Tushushe tepu, halafu ile mitambo ya sola ipangwe ijipunguze yenyewe umeme ukizidi."

Akacheka. "Mambo ya jua waachie waliosoma. Wewe panda nguzo."

Wiki haikuisha, friji ya mama mmoja mjane muuza barafu ikaungua. Friji hiyo ndiyo iliyokuwa inamlisha. Bosi akasimama kwenye mkutano wa kijiji, mkavu wa macho, akasema, "Fundi wetu kachezea transfoma. Mwanamke ukimpandisha nguzo, haya ndiyo mnayoyapata." Tangu tuipandishe tepu kwa amri yake, transfoma sikuwa nimeigusa hata kwa kidole. Na tepu hakuishusha, maana kuishusha ingekuwa kukiri.

Tangu hapo nikipita Mbekenyera naitwa mchoma friji. Hilo nililivumilia. Lakini yule mama, aliyekuwa haniachi nipite bila kunipa maji ya baridi, sasa alikuwa ananigeuzia mgongo. Nilitaka aupate ukweli, na aupate kwa kinywa cha bosi mwenyewe.

Siku ya nyani kufa miti yote huteleza. Mama yake bosi, Mungu amrehemu, alifariki, na arobaini ikasomwa palepale Mbekenyera, kwao. Bosi ni Myao, mimi Mmwera, kwa hiyo ni watani. Kwenye shughuli ya msiba mtani ana ruhusa ya kusema lolote na kunyakua chochote, na mfiwa akinuna anachekwa.

Dua ilipokwisha na pilau ikaliwa, nikamvua bosi baraghashia yake, nikaivaa. Nikajitengenezea kitambi kwa khanga, nikatembea kama yeye, vidole vya miguu nje. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali. Nikatoa mita yangu ya kupimia volti, nikaichomeka kwenye soketi ya ukutani mbele ya watu.

"Mia mbili sabini na mbili!" nikasema kwa sauti yake ya puani. "Hamna neno! Kuleni umeme, mwingine upo!"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Nilisikia utamu ambao sikuupata hata siku ya harusi yangu.

Bosi akatoa noti aikomboe kofia, kama ilivyo ada. Nikaikataa. "Sitaki hela, mtani. Sema mbele ya hawa, nani aliyeiacha tepu juu?"

Akapiga magoti, mikono kichwani, akapaza sauti. "Ni mimi, mtani! Mimi ndiye niliyeiacha juu! Huyu aliniambia, nikamdharau. Friji nimeiunguza mimi!"

Alisema yote, vilevile nilivyotaka, hakuacha kitu. Ua mzima ukalipuka kwa kicheko, wazee wakampigia makofi. Nikamtafuta mama wa barafu kwa macho. Alikuwa anakuja kwangu, anajifuta machozi ya kicheko kwa upindo wa khanga, na kwa mara ya kwanza tangu friji yake iungue, akanishika mkono.

"Mtani wako ana moyo, mwanangu," akaniambia. "Mbele ya watu wote hawa, kakubali kukubebea kosa lako."