Bunduki ya Upepo na Beseni la Mavuno

Nianze kwa kusema kwamba bunduki yenyewe haikuweza kuua hata panya. Ilikuwa bunduki ya upepo, ile ya kulengea shabaha kwenye sikukuu za kanisa. Unapiga kifuniko cha chupa, ukikipata unapewa biskuti. Hilo hulitanguliza kila ninaposimulia habari hii, nikidhani litanitetea. Halinitetei.

Niliachiwa na jirani aliyehamia Uvira mjini, kitako kimevunjika na upepo unavuja. Kazi yangu ni kutengeneza redio na simu hapa kijijini Runingu, na ugonjwa wangu ni kutoweza kukipita kitu kibovu. Kitako kipya nilikichonga kwa ubao wa kitanda kibovu. Pale palipovuja upepo niliweka ngozi ya kiatu cha zamani, niliyoilowesha katika mawese mpaka ikalainika. Cha kulengea nilikitengeneza kwa kipande cha waya wa gurudumu la baiskeli. Kwa hatua kumi, kila kifuniko nilichokilenga kilianguka.

Ningeishia hapo, ningekuwa fundi. Lakini ilionekana kama mchezo wa watoto, nami nilitaka wenzangu washangae Jumapili ya mavuno. Nikaipaka yote rangi nyeusi. Nikaishonea mkanda wa turubai la kijani. Kisha nikakunja kibati na kukifunga chini yake, pale wanajeshi wanapoweka risasi. Kibati hicho hakikuwa na kazi yoyote ila kufanana.

Mama mdogo, ndugu wa mama yangu, ndiye aliyenilea. Misimu miwili maji yalikuwa yamechukua mpunga wake wote. Msimu huu alivuna, na beseni la kwanza la mchele alimwekea Mungu nadhiri: atalipeleka mwenyewe mbele ya kanisa siku ya mavuno. Kwa kuwa mgongo unamsumbua, nilimwahidi nitambebea njiani. Asubuhi ile rangi ilikuwa bado inanata. Nilikaa naipuliza kwa mdomo kama mpumbavu, na nilipofika kwake alikuwa ameshaondoka.

Nikashika njia ya mkato kando ya mfereji, mbio mbio, bunduki begani. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza; nami nilikuwa natembeza changu. Nikamwona mbele, beseni kichwani. Akasikia hatua, akageuka nusu, akaona kilichoning'inia begani mwangu. Alipiga magoti palepale kwenye tope, akashusha beseni, akalisukuma kwangu macho yakiwa chini, akaniita kama tunavyowaita wakubwa wenye bunduki.

"Beba yote, chef. Minye niko mama muzee, sina kingine."

Nilicheka. Hilo ndilo ninaloona aibu zaidi kulisema. Yeye ni mtu wa utani, nikadhani ananitania. Kisha nikaona kwamba bado hajainua macho.

"Mama mudogo, ni minye!"

"Ndiyo, chef."

Alinilea miaka kumi na minne, na sauti yangu haikumfikia. Niliitupa bunduki kwenye shamba la mpunga kando ya njia, nikapiga magoti mbele yake, nikamshika mikono, nikarudia kumwita mpaka akainua macho.

"Njo weye?" akaniuliza polepole. "Sikukuangalia. Muntu ya bunduki habamuangaliake mu macho."

Wanasema mwenye kovu usidhani kapoa. Nilijua aliyoyapitia katika miaka ya kukimbia vita, miaka ya kutomtazama mwenye bunduki machoni; mimi mwenyewe nilibebwa mgongoni mwake. Nilijua, na bado nilikikunja kile kibati.

Nikabeba beseni kichwani nikamwambia twende, tumechelewa. Hakusogea.

"Hapana. Ile mchele nilishaitoa. Niliitolea bunduki. Kitu ya kutoa kwa woga, habaipelekake kwa Mungu."

Nikamsihi. Nikamwambia Mungu anaelewa. Akajipangusa tope magotini, akasema Mungu anaelewa sana, ndiyo sababu hatampelekea. Akatangulia.

Wanawake walipoitwa mbele, waliingia wakicheza na mabeseni yao, mahindi, mihogo, kuku aliyefungwa miguu. Mama mdogo naye alicheza kwenye mstari, mikono mitupu, viganja wazi. Watu walitazamana. Hakumweleza mtu yeyote, na mimi niliyekuwa na la kueleza nilikaa benchi la nyuma, beseni kati ya miguu yangu, nikanyamaza kwa kuogopa watu watasemaje.

Jioni ile nilirudi kuiokota bunduki, nikaivunjavunja. Mchele alikataa kuupokea, nami sikuweza kuupika. Mwishowe fukusi waliumaliza.

Amenisamehe, anasema, na utani wake umerudi. Lakini nikienda kwake sasa hupiga hodi nikiwa bado mbali, na yeye hutoka mlangoni akanitazama. Huanza na mikono yangu. Uso huutazama baadaye.