Familia ya Runingani na Migebuka ya Mama Mdogo

Siku moja ambayo hadi leo hunichekesha nikiikumbuka, mwanangu, ilinikuta Kasingirima, mtaa wetu wa Ujiji, nimerudi nyumbani na tasnifu ya uzamili iliyokataliwa. Nilikuwa nimechunguza namna familia za vichekesho vya runinga zinavyofanya biashara: baba anafungua mgahawa, shemeji na wapwa wanakula bure, na kabla kipindi hakijaisha mlango umefungwa. Niliamini nimeugundua ugonjwa unaoua biashara zetu, nao unaitwa ndugu. Walimu walipokataa, nikatafuta mahali pa kuthibitisha kwamba wao ndio waliokosea.

Mahali penyewe pakawa kibanda cha mama yangu mdogo, Mwajuma. Alikuwa ameacha kufulia watu nguo ili auze ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwa letu, ya kukaangwa kwa mawese. Kibanda kisiposhika, angerudi kwenye mabeseni ya watu. Kwa desturi ya mtaa wetu, anayefungua kibanda huwaonjesha ndugu sufuria ya kwanza. Nikamkataza. Nikaandika ubaoni, kwa mwandiko wa kupendeza, "Mtegemea cha nduguye hufa maskini", nikautundika mlangoni. Methali hiyo ni ya kweli, mwanangu, lakini hata dawa ya kweli hupewa mgonjwa, si mpita njia.

Wa kwanza kufika alikuwa Mjomba Ramadhani, kaka yake Mwajuma, kanzu imenyooka kwa pasi. Akausoma ubao taratibu.

"Mwajuma, nani kafa?"

"Hajafa mtu, kaka. Ni msomi wetu huyo."

"Basi mwambie msomi nimekuja nimeshiba." Akageuka.

Habari ikafika sokoni kabla yake. Hadi jioni migebuka ilikuwa imepoa kwenye sinia na hapakuwa na mteja hata mmoja, maana Ujiji mtu hali mahali ambapo ndugu wa mpishi wanapita bila kuingia. Nikaanza kueleza, kwa utaratibu, jinsi familia ya runingani ilivyoangushwa na wapwa. Mama mdogo akanikatiza, akipangusa macho kwa khanga, sijui kwa moshi au kwa kicheko.

"Hebu niambie, wale wakitajirika, wiki ijayo tutatazama nini?"

Nikafukuza nzi kwenye sinia.

"Kushindwa ndiyo kazi yao, mwanangu. Wanalipwa ili washindwe. Mimi atanilipa nani?"

Akaushusha ubao, akautia jikoni uwe kuni. Asubuhi akanituma kwa mjomba na sahani iliyofunikwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Akafunua, akamgeuza samaki. "Huyu hajaandikwa kitu mgongoni?"

Akala hadi mwiba wa mwisho. Kesho yake akaja na wenzake wa bandarini, wapakiaji wenye njaa ya kweli. "Ninyi lipeni, mimi ni ndugu," akawatania. Kisha naye akalipa, akinitazama. Mama mdogo hajafulia mtu nguo tangu hapo.

Basi mwanangu, kabla hujaiga biashara uliyoiona kwenye kichekesho, jiulize ni nani anayefaidika ikianguka. Usimhesabu ndugu kuwa mwizi kabla hajanawa mikono. Mwonjeshe mara moja kwa heshima, kisha mtajie bei waziwazi kama mteja yeyote. Cheka na familia za runinga, lakini usiwape mwiko. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mgeni wa kwanza ni wa damu yako.

Mola akujaalie moto usiozimika, majirani wanaoleta majirani, na akili inayojua kupumzika. Amina.