Adabu za Karani wa Bima

Karani wa bima pale Kilwa Masoko ana adabu mpaka zinaumiza. Hagusi kadi ya mtu kabla salamu hazijaisha: za nyumbani, za shamba, za mbuzi. Huuliza kwa sauti laini, vidole amevifumbata juu ya meza, na asipojibiwa hurudia. Leo mbele yake alisimama Bi Mwanaima wa Mitole, shavu limevimba kama andazi, anaomba kibali cha kung'olewa gego la mwisho.

"Shikamoo, mama."

Bi Mwanaima akajaribu kuitikia. Taya halifunguki.

"Shikamoo, mama!"

Bi Mwanaima akaonyesha shavu kwa kidole, machozi yakimtoka. Karani akaisukuma kadi pembeni, akamgeukia aliyefuata, akahuzunika kabisa: "Siku hizi hata watu wazima hawaitikii salamu."