Kapteni Constantin na Mtoto wa Adolphine

Mtu aliyevishwa medali kwa kuokoa mwenzake kwenye risasi ndiye aliyetuma lori limchukue mtoto wake wa kumzaa.

Usinibishie. Mtoto mwenyewe ni mama yangu.

Élisabethville, mwaka 1947. Kambo yangu Adolphine, mama ya mama yangu, alikuwa amekaa miaka na Kapteni Constantin, Mbelgiji wa jeshi la miguu. Ndoa? Ndoa gani! Alimpikia, akalala naye, akamzalia Virginie.

Ushujaa wa yule mzungu ulikuwa wa kweli, simnyimi. Kule vita ya Abisinia alitoka kwenye shimo salama, akarudi katikati ya risasi, akambeba mgongoni koplo wake Mulenga aliyevunjika mguu.

Basi vita ikaisha, na madame wake, mke wa ndoa, akawa anakuja kutoka Ubelgiji.

Adolphine na mtoto wakahamishiwa cité Kenya, mtaa wa Waafrika nje ya mji.

"Ni ya siku kidogo tu," kapteni alimwambia.

Kambo akaamini. Alimpenda, mjinga wa watu.

Siku ya kuvishwa medali, mji mzima ulijaa uwanjani. Fanfare ya jeshi inalia tarumbeta, bendera zinapepea. Virginie, mgongoni kwa mama yake, akamwona baba.

"Papa! Papa!"

Watu wakageuka. Madame akageuka.

Kapteni hakugeuka.

Kesho yake asubuhi lori likasimama mlangoni kwa Adolphine. Akashuka Mulenga, anachechemea, na askari wawili nyuma yake.

"Mama, batoto ya bazungu banaenda kwa masista, mbali. Leta mutoto."

"Mulenga! Ni wewe? Kapteni akijua, atakuua!"

Mulenga akatazama chini.

"Mama, ni yeye mwenyewe njo alitutuma."

"Mutoto wake?"

"Alinibeba ku mugongo, mama. Siwezi kumukatalia."

Akamkwanyua mtoto. Kambo akamng'ata mkono mpaka damu ikatoka. Mulenga hakuachia. Lori likaondoka na kilio ndani yake.

Adolphine alikimbia pekupeku mpaka mjini. Akawakuta kapteni na mkewe barazani, wanakunywa kahawa.

"Kapteni, mutoto wangu iko wapi?"

Madame akauliza kwa Kifaransa, huyu ni nani?

"Alikuwa ananifulia nguo," kapteni akajibu. "Ana wazimu."

Kifaransa hicho kambo alikisikia vizuri. Alijifunzia kitandani kwa kapteni mwenyewe.

Mpishi akaamriwa amtoe. Alitolewa kwa mateke.

Miaka ikapita. Mwaka 1959 masista wakamleta Virginie mjini kusaidia kufundisha wasichana kushona. Habari zikamfikia kambo. Akaenda mbio mpaka mlangoni kwa masista, akapiga magoti mbele ya binti yake, akamwambia yote. Uwanja. Mulenga. Lori. Mateke.

Binti akasikiliza mpaka mwisho.

Kwa masista aliambiwa mama yake alimtupa, na baba yake alifia vitani. Kila jioni aliombea roho ya baba.

"Madame," akasema taratibu, kwa Kifaransa, maana Kiswahili kilishamtoka, "papa alikuwa shujaa. Shujaa hafanyi mambo hayo."

Akafunga mlango.

Haya yote nilisimuliwa na kambo mwenyewe, nilipomtafuta kwa siri nikiwa mkubwa. Mama hakumwamini mpaka kambo akazikwa. Hata msibani hakukanyaga.

Ndugu yangu, ukiona mtu anapigiwa makofi, usikimbilie kupiga na wewe. Mtafute kwanza aliyekuwa anampikia.