Kipande Chembamba Ukutani

Baba alikuwa fundi wa vigae katika hoteli za Diani mpaka wageni walipoacha kuja. Hoteli moja ikasema itampa kazi ya ukumbi wake ikishaona picha ya sakafu itakavyokuwa. Binamu yangu wa Ukunda, mchoraji wa ramani za majumba, aliniachia kompyuta yake niichore sakafu, maana shule ilikuwa imenirudisha nyumbani kwa kumwigiza mwalimu wa zamu.

Programu yake ya kuchorea haikutaka picha ya kigae. Niliipa namba tu, yaani upana wa kigae, nafasi ya saruji kati ya kigae na kigae na rangi zipishane vipi, nayo ikatandaza yenyewe. Chai yangu ilikuwa haijapoa.

"Shikamoo fundi," nikamwambia baba alipoingia. "Wewe ungemaliza wiki tatu na magoti yote mawili."

"Marahaba." Aliinamia skrini, akaonyesha ukutani kwenye mchoro. "Hapa umebakisha kipande chembamba kama kucha. Mimi huanzia katikati ya chumba, ili vya kukata vilingane kushoto na kulia."

"Nani ataangalia ukutani, baba?"

Kuhamisha mwanzo wa vigae kulihitaji namba moja tu, nami nikaona uvivu.

Tulipoipeleka, meneja wa hoteli aliitazama picha, kidole chake kikaenda palepale ukutani. "Fundi anayekata hivi simtaki."

Baba alisema ahsante, hakumwambia kuwa mchoro ni wangu. Njia nzima ya kurudi hakunigombeza.

Kesho yake niliibadilisha ile namba. Sakafu ikakaa sawa pande zote. Sikumwita aione.